Tiki Thelathini

Kwa miaka ishirini na sita mwalimu wa hisabati wa kidato cha tatu aliitwa Mama Njia, na jina hilo alilipata kihalali. Mwanafunzi akimletea jibu tupu, hata liwe sahihi namna gani, alimrudishia daftari lake. "Jibu hata mwizi anaweza kuwa nalo," alikuwa akisema. "Nionyeshe njia." Alitoa maksi kwa kila hatua, na aliyeteleza kwenye hatua ya mwisho tu hakuondoka mikono mitupu. Kitu kingine alichokishikilia kufa na kupona kilikuwa sehemu. Theluthi mbili iandikwe mbili juu ya tatu. Ukiandika sifuri nukta sita saba umedanganya; umedanganya kidogo, lakini umedanganya.

Basi mfumo ukaja. Kompyuta arobaini na mbili zilipangwa kwenye chumba chenye nondo madirishani, na walimu wakaambiwa kwamba mitihani sasa itafanyiwa humo, mashine itasahihisha yenyewe na matokeo yatakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Atakayepata chini ya hamsini atatolewa mkondo wa sayansi. Maswali yalikuja yametungwa tayari, na majibu yake. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuyafungua moja moja, kuyakagua, kisha kuweka tiki pembeni mwa neno "Nimehakiki".

Mama Njia hakujua yanafunguliwa wapi. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, skrini ikamtolea macho tu. Mwalimu wa kompyuta, kijana aliyewahi kusinzia dawati la nyuma katika darasa lake yeye mwenyewe, alikuwa amekaa meza ya pili akinywa chai. Kuuliza si ujinga. Wanafunzi wake aliwaambia hivyo kila muhula. Lakini yeye aliona haya. Visanduku vya tiki alikuwa anaviona vizuri, vyote thelathini. Akavitia tiki kimoja baada ya kingine, akabeba mkoba wake, akaenda nyumbani.

Mtihani ulifanyika Alhamisi. Ijumaa asubuhi matokeo yalibandikwa, na Mama Njia akayasoma mara tatu. Wale wazembe wa nyuma, waliokimbilia desimali kila siku huku akiwagombeza, walikuwa na sabini na themanini zao. Binti aliyeitwa Mkimya, ambaye hajawahi kuacha hatua hata moja na aliyeandika sehemu kama alivyofundishwa, alikuwa na thelathini na nane. Mfumo ulitaka desimali. Robo tatu uliikata. Theluthi mbili uliikata. Wanafunzi kumi na mmoja walianguka kwa sababu walimsikiliza mwalimu wao, na maagizo hayo ya desimali, ambayo mwalimu anayehakiki pekee huyaona, yalikuwa yameandikwa ndani ya kila swali alilokuwa ameapa kwamba amelikagua.

Mkimya alimfuata mlangoni mwa ofisi ya walimu, ameshika karatasi yake ya kukokotolea kwa mikono miwili. Hakulia. Afadhali angelia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimetafuta nilipokosea sijapaona. Kosa langu liko hatua ya ngapi?"

Mama Njia aliipokea karatasi. Alishuka nayo mstari kwa mstari, akitamani kukuta kosa, walau moja, walau dogo. Hakulikuta.

"Niachie, mwanangu," alisema. "Nitaitazama vizuri."

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomnyima Mama Njia hata wa kumkasirikia. Alimvutia kiti, akamwonyesha kwenye skrini yake.

"Maswali yamefungwa, Mwalimu. Hayafunguki mpaka aliyehakiki aikane tiki yake. Na ukiikana, taarifa inapanda juu yenyewe, siwezi kuizuia. Mwalimu aliyehakiki bila kukagua anavuliwa darasa. Hiyo si sheria yangu."

"Na nisipoikana?"

"Jumatatu hao kumi na mmoja wanahama." Akajikuna shingo. "Umebakiza miaka miwili ustaafu, Mama. Fikiria."

Alifikiria mwisho wa juma wote. Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kukosa neno la kusema wala pini mdomoni.

"Dada, hilo ni kosa la mashine. Unajitia kitanzi cha nini?"

"Mashine haikutia tiki. Nimetia mimi."

"Basi ungemuuliza yule kijana siku ile."

"Ningemuuliza nini? Nilimfundisha kujumlisha!"

"Ndiyo maana ungemuuliza," mdogo wake alisema, akaendelea na pindo lake.

Mama Njia alipiga hesabu. Akinyamaza, darasa litabaki lake na Mkimya atakwenda. Akisema, Mkimya atabaki, ila darasani hatamkuta mwalimu wake. Aliugeuza mlinganyo ule huku na huku, kama alivyofanya kwa maelfu ya milinganyo, na kila mara upande mmoja ulitoka sifuri. Aliogopa. Kufundisha darasa lile ndicho kitu pekee alichojua kukifanya duniani, na wa kumsaidia hakuwapo.

Jumatatu, kabla ya kengele, aliingia chumba cha kompyuta. Kijana wa kompyuta alikuwa ndiyo kwanza anafungua madirisha.

"Njoo unionyeshe," Mama Njia alimwambia. "Tiki inakanwa wapi?"

Yule kijana alimwonyesha. Ilichukua dakika moja. Mfumo ukauliza, "Una uhakika?" Naye, aliyetia tiki thelathini bila uhakika wowote, safari hii alikuwa nao. Akabonyeza. Kisha akaichukua karatasi ya Mkimya, akaandika chini kwa wino mwekundu: "Hatua zako zote ni sahihi. Kosa ni langu."

Maswali yakafunguliwa, yakasahihishwa upya, na Mkimya alibaki sayansi na alama mia. Darasa alipewa mwalimu mwingine. Mama Njia alipangiwa kusimamia chumba cha kompyuta mpaka atakapostaafu: kugawa maneno ya siri, kuzuia kunong'onezana, kufunga mlango. Miaka miwili ndani ya nondo, akitazama watoto wakibonyeza majibu bila mtu kuwauliza wameyapata vipi. Siku nyingine aliona chumba kinamkaba pumzi, akaenda kusimama dirishani.

Mtihani uliofuata, Mkimya alitoka wa mwisho. Alipopita mezani aliacha karatasi yake ya kukokotolea, imejaa pande zote mbili, akatoka. Kwenye skrini ya mahali alipokuwa amekaa maandishi yalikuwa bado yanang'aa: mia kwa mia.

Mama Njia akaketi, akatoa kalamu nyekundu. Swali la kwanza sawa. La pili sawa. La saba akasimama. Alama ya kutoa ilikuwa imepotea hatua ya tatu, ikapotea nyingine hatua ya tano, na makosa mawili yakafutana. Jibu lilitoka safi kabisa, na mfumo ukalipa maksi zote. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na wa kumwambia.

Akazungushia duara hatua ya tatu. Pembeni akaandika, "Bahati hii. Rudia," akatoka mbio mlangoni kumwita kabla hajafika mbali.