Majani Kwenye Geti la Mama Chelagat

Mtaa wetu unaitwa Pareto, ingawa pareto yenyewe haijalimwa hapa tangu nikiwa kijana. Zamani lilikuwa shamba la mzungu, na pale kanisa lilipo sasa palikuwa na makaushio ya maua. Mzungu alipoondoka watu walichanga, wakalinunua shamba na kulikata vipande, kisha kila mmoja akachota karatasi yenye nambari ya ploti kutoka ndani ya kofia. Ndiyo maana watu wa Pareto hawakuchagua jirani. Mkikuyu alichota ploti karibu na Mjaluo, Mjaluo karibu na Mkalenjin. Pale kona familia ya Hitesh, Wahindi wenye duka la misumari na mabati, walinunua ya mtu aliyeshindwa kujenga.

Cheptanui alifika hapa akitoka Rongai, ameolewa na dereva wa lori la nafaka. Mumewe alifariki nyumba ikiwa haijaezekwa. Wengi walidhani atauza ploti arudi kwao. Badala yake alianza kununua maziwa kwa wafugaji, akayagandisha kwenye vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa, akawa anauza mursik hapo getini pake. Mabati ya nyumba ile yalitoka kwenye vibuyu hivyo. Vijana wengi wa Pareto walio na ndevu leo walikunywa mursik yake kabla hawajajua kutembea vizuri. Hakuna anayemwita Cheptanui. Sote tunamwita Mama Chelagat, kwa jina la binti yake wa pekee.

Mimi naishi ng'ambo ya barabara, geti langu likitazamana na lake. Najenga kuta za mawe, na maneno yangu huwa machache, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yetu sote wawili.

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi wa 2007, watu wa mchumba wa Chelagat walikuja kufanya koito, yaani kuomba mke kwa desturi ya Wakalenjin. Asubuhi hiyo Mama Chelagat aliniita nimshikie ngazi. Alikuwa ameletewa kutoka Rongai mmea mrefu unaotambaa, wenye majani mabichi yanayong'aa, unaoitwa sinendet. Aliuzungusha juu ya geti lote, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Nitakusaidia kuutoa kesho," nikamwambia.

"Hautolewi na mkono, Mathenge. Mama yangu alinifundisha hivyo. Unakauka, unaanguka wenyewe. Ukiutoa umeirudisha posa ya mtoto."

Wageni walikuja, wakaimba, wakapakana siagi, wakakubaliana. Jirani yetu Njoki, anayeuza nyanya na vitunguu, alicheza kuliko wenye sherehe.

Kisha tukapiga kura, na mambo yakaharibika; makabila yakageukiana. Januari ilipofika mwisho, tukiwa Pareto tuliona moshi upande mwingine wa mji. Serikali ilikataza watu kutoka nje kuanzia jioni mpaka alfajiri. Familia zilikuja na magodoro kutoka mashambani, zikalala sebuleni kwa jamaa zao. Kwa kina Gathogo, Wakikuyu kama mimi, alifika mjomba na watoto watano, nyumba yao imechomwa. Gathogo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, utingo wa lori, na baada ya kuwaona watoto wale aliwakusanya wenzake wakaanza kulinda mtaa. Siwalaumu kwa kulinda. Sote tulilala kwa sababu wao walikesha kule chini inakoanzia barabara yetu.

Lakini palikuwa na uvumi kwamba wavamizi wa Kikalenjin huweka alama kwenye nyumba za watu wao ili zisiguswe. Mmoja wa vijana akalitazama geti la Mama Chelagat. Sinendet ilikuwa imeanza kukauka, lakini bado ilikuwa imelizunguka lote, na hakuna geti lingine Pareto lililokuwa na kitu kama hicho.

Walikuja adhuhuri, kama kumi hivi. Mama Chelagat alikuwa akisugua kibuyu.

"Mathe, hii ni nini?" Gathogo akamuuliza, kwa lile neno la vijana la kumwita mama.

"Ni ya koito ya Chelagat. Si ulikuja ukala nyama hapa?"

"Nilikula. Lakini koito iliisha mwaka jana. Mbona hii bado iko?"

"Haitolewi."

"Itoe sasa, tuone."

Akaweka kibuyu chini. "Gathogo, siwezi."

Hapo wenzake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Anajua siku wanakuja. Ndiyo maana hataki kutoa."

Nilivuka barabara. Nikawaambia ni kweli, ni desturi, mimi mwenyewe nilishika ngazi. Yule kijana akanitazama akacheka. "Mzee Mathenge, wewe hata kanisani huombi kwa sauti. Leo umefunzwa na nani?" Wengine wakacheka.

Gathogo hakucheka. Alisema polepole, bila kumtazama mama yule usoni, "Mathe, kesho saa nne tutarudi. Kama hiyo kitu bado iko, wewe hutakuwepo. Tafuta gari mapema, hatutaki mtu aumie."

Walipoondoka aliingia ndani, akaanza kufunga vyombo kwenye mashuka. Nilimsaidia kushusha picha ya mumewe ukutani. Niliwaza kumwambia autoe tu ule mmea, Mungu anaona moyo. Nadhani aliliona wazo hilo usoni kwangu.

"Nyumba nilijenga, naweza kujenga tena," akasema. "Huyo mtoto ni mmoja."

Kisha akavuta shuka lingine.

Njoki alikuja akiwa na kisu cha kukatia mboga. Alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni akatazama mafurushi, akaenda hadi kwenye geti akaichungulia ile sinendet kama mtu anayenunua nyanya.

"Hii ndiyo wanasema inaokoa nyumba?"

"Ndivyo wanavyosema," nikajibu.

"Basi mbona nyinyi wawili mnalia? Kama inaokoa, mimi pia nataka. Kama haiokoi, wanamfukuza kwa nini?"

"Usiikate hii, Njoki," Mama Chelagat akasema kutoka ndani.

"Nani amesema nakata yako? Kwani kwangu hakuna kitu inatambaa?"

Akarudi kwake. Kwa muda nilimwona ameinama shambani nyuma ya nyumba, akikata mashina marefu ya viazi vitamu pamoja na majani yake. Kabla ya saa ya kufungiwa ndani kufika, alikuwa ameyafunga kwenye geti lake kwa kamba ya gunia. Yalikuwa na udongo bado. Akapiga kelele mpaka kona.

"Mama Hitesh! Yale majani yako ya mwembe bado yako?"

Mama yake Hitesh, Sudha, alitoka nje. Juu ya mlango wa nyumba yao huning'inia uzi wenye majani ya mwembe kila sikukuu yao, na hakuna mtu Pareto aliyewahi kuuliza ni ya nini. "Iko, lakini ya Diwali. Imekauka kabisa."

"Weka kwa geti! Mwenzako anafukuzwa sababu ya majani!"

Sudha hakuuliza zaidi. Alienda kuleta kiti cha kupandia.

Mimi nilikata karakara iliyopanda ukuta wangu, ikiwa na matunda mabichi mawili, nikaizungusha kama nilivyomwona Mama Chelagat akifanya. Kisha giza likaingia, kila mtu akajifungia.

Kulipopambazuka na watu kuruhusiwa kutoka, nilifungua mlango nikabaki nimesimama. Mstari wote wa barabara yetu ulikuwa na majani. Wengine walifunga shina la malenge, wengine nyasi za napia za ng'ombe, mmoja aliweka sukuma wiki nzima nzima kama shada. Sijui Njoki aliongea na wangapi usiku, akiwaita kupitia uani. Mlokole mmoja alifunga matawi ya mtende ya Jumapili ya Matawi, yaliyokuwa makavu kama mbao.

Pikapu ya kumhamisha Mama Chelagat ilikuwa imefika, kabati lake likiwa tayari juu. Saa nne Gathogo na wenzake walitokea upande wa chini wa barabara. Walianza wakitembea haraka. Walipofika kwa Njoki wakapunguza mwendo.

"Niaje, walinzi," Njoki akasema. Alikuwa ameketi kwenye ndoo mbele ya geti lake. "Mnaanza na nani? Mimi niko tayari, nimevaa viatu."

"Mama Ndung'u," Gathogo akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "hii si mchezo."

"Nani anacheza? Alama ndiyo hii. Ng'oa. Kisha uende kwa Mathenge, uende kwa Mama Hitesh. Ukimaliza uende kwenu."

"Kwetu?"

Gathogo akageuka. Nyumba ya mama yake ilionekana kutoka pale. Kwenye geti lao palikuwa na shina la malenge lenye maua mawili ya manjano, na mjomba wake, yule aliyechomewa nyumba, alikuwa amesimama kando akilinyoosha lisianguke.

Mmoja wa wenzake akaguna, kisha kicheko kikamtoka, na mwingine akafuata. Gathogo alijifuta uso kwa kiganja. Nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Hata uncle," akasema.

Alitembea mpaka kwa Mama Chelagat. Mama yule alikuwa amesimama kando ya pikapu, mkoba kwapani, hajui kama apande.

"Mathe, mimi... rudisha tu vitu ndani. Hakuna mtu atakusumbua. Nikiwa hapa, hakuna."

Mama Chelagat akaweka mkoba chini na kunyoosha kidole kwenye kabati.

"Hilo ni zito," akasema. "Mathenge ana mgongo mbaya. Shika wewe."

Gathogo akapanda, akashika upande mmoja, dereva upande wa pili. Waliingia nalo kinyumenyume, na kutoka nje tulimsikia mama akiwaelekeza: inua, punguza, usiukwaruze ukuta, hapo, hapana, kushoto kidogo.