Masharti ya Unga wa Violet

Wakati wa vita, mutoto wa mudogo yangu kule Beni alishindwa kunyonya. Kinywa chote kilikuwa na ukungu mweupe, sawa mukate wa zamani. Dawa ya kupakaa ilikuwa imeisha Beni. Infirmier mumoja, muuguzi wa Butembo, akanifungia unga wa violet ndani ya karatasi: "Ukifika, changanya na maji."

Ule unga ukiwa mukavu uko kijani, unang'aa. Ukiguswa na maji unageuka violet, rangi ya zambarau, na hautoke tena. Mimi nilijua. Basoda ba barieri, bale banafunga barabara ya Beni, hapana.

Mukubwa wabo akatushusha wote mu pick-up tulimopanda, akafungua karatasi yangu. Akatia mate ku kidole, akachovya. Kidole violet! Akakipanguza ku suruali, suruali violet. Akalamba. Yee! Ulimi pia.

"Mama, hii ni dawa ya vita!" Alifikiri ni ile batu ba pori, bale banapigana mu musitu, banajipakaa risasi isibaingie.

"Hapana, chef. Ni ya kinywa cha mutoto."

"Donc, masharti yake ni nini?"

Kwetu kila mutu anajua: dawa ya vita iko na masharti, ukiyavunja risasi inakuingia. Na huyu alishalamba! Jasho lilimutoka.

"Haina masharti!"

"Unanificha!" Akatia karatasi mu mufuko ya shati. Nisiposema, sipite.

Hasira ikanipanda. Mutoto anakufa njaa, maziwa iko pale pale, na mimi ninabishana na mutu wa ulimi wa violet!

"Bon. Sharti ni moja. Mwenye kuguswa na rangi hii asishike kitu cha mutu mwingine mpaka rangi iishe yenyewe."

Akaitupa karatasi mu mikono yangu sawa inamuchoma. Kisha, Mungu wangu, akarudisha vyote alivyotunyanganya pale: kuku ya mama mumoja, gunia ya maharagi ya kutoka Lubero, na saa ya dereva.

"Na sigara za kuomba, mama?"

"Hata sigara."

Kufika Beni, mutoto hakuwa tena na nguvu ya kulia. Nikamupakaa. Siku ile hakuna kitu. Kesho yake nikapakaa tena, akashika ziwa, akaliachia, akalishika. Ziwa lote likawa violet.

"Yaya," mudogo yangu akaniita mimi dada yake mukubwa, polepole, "anameza."

Nikakaa chini, nikalia kuliko mutoto.