Nailoni ya Mlango wa Dereva

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa kutia mkono kila mahali, na kila anapoutia lazima kitu kiharibike. Nasema hivi hasira ikiwa haijanitoka.

Baba alituachia gari moja la zamani, likawa linalala kwangu hapa Dodoma. Injini haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni mlango wa dereva. Upande wa ndani ulifunikwa na kadibodi ngumu ambayo baba aliikata mwenyewe baada ya ile ya kiwandani kuoza, akaivika ngozi bandia ya kahawia. Pale alipozoea kuegemeza kiwiko pamebonyea na kulainika. Hapo ndipo nilipotaka pabaki, mengine yote yangeweza kwenda.

Niliifungua kadibodi polepole, nikabadilisha klipsi za kuishikilia zilizovunjika, nikabandika nailoni mpya kwenye bati kabla ya kuirudishia. Maji ya mvua hupenya pembeni mwa kioo yakashuka ndani ya mlango, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye kadibodi.

Kiangazi kilichofuata kaka akaliazima gari kwenda Kondoa. Akalirudisha limeoshwa, nikamshukuru, mjinga mimi.

Mvua za Desemba zilipoanza, kadibodi ikavimba kama mkate uliotoswa kwenye chai. Nilipoivuta ikakatika vipande mikononi mwangu, pale pa kiwiko pakaachana matabaka. Nyuma yake hapakuwa na nailoni. Nikampigia simu kaka, nikamwambia aje sasa hivi.

"Nailoni iko wapi?" nilimuuliza kabla hajafunga geti.

"Niliitoa. Ilikuwa inanipigia kelele njia nzima. Dodoma hii mvua tunaiona lini, mpaka tulivalishe gari koti?"

"Na hii inayonyesha?"

"Mdogo wangu, hiyo ni kadibodi tu. Nitakukatia nyingine."

"Kaka, wewe ni mpumbavu." Sikuwahi kumwambia neno kama hilo. "Baba aliikata kwa mkono wake. Wewe utajua nini?"

Aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akanionyesha mstari wa penseli uliofifia.

"Huu niliuchora mimi. Baba akakata, mimi nikashika. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama."

Kaka ana mabaya mengi, ila uongo si mojawapo. Nilijua anasema kweli, na nikamchukia zaidi ya nilivyomchukia alipoingia.