Vidonge Vinane Kila Asubuhi

Siku ya soko kule Awasi sikuchagua nafasi kwa kufuata wateja. Nilifuata choo. Hatua thelathini na nne. Nilizihesabu mara mbili, mara ya pili nikikimbia.

Nilikuwa nauza mitumba, na kwa miezi saba nilikuwa naharisha damu. Jirani yangu, muuza dagaa wa omena, hakuwa na shaka. "Mama, hiyo ni amiba tu." Nikameza dawa ya amiba mizunguko mitatu. Kama amiba walikuwepo, walikufa kifo cha kutosha. Damu ikaendelea.

Mwishowe daktari wa Kisumu alinichungulia utumbo kwa mpira wenye taa.

"Hakuna amiba, Mama. Ni askari wako mwenyewe. Kwenye damu kuna chembe zinaitwa T, kazi yao kutambua adui. Zako zimewashuku vijidudu wanaoishi tumboni bila ubaya. Zinaitana, zinakuja kwa wingi, zinachoma utumbo."

"Kama mtu akipiga kelele ya mwizi sokoni?"

"Hasa."

Pale sokoni nami nimewahi kuokota jiwe kabla ya kuuliza nani kaibiwa nini.

Akaandika vidonge vinane kila asubuhi, vya kuwatuliza hao askari. "Visiposaidia, tutakata utumbo mpana, na choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko."

"Vinane, daktari? Fanya vinne."

"Mama, hii si shati."

Niliitikia kwa heshima, nikaenda nyumbani Nyamasaria kumeza vinne. Bei ya kwanza sijawahi kuikubali.

Baada ya wiki mbili nilikwenda choo mara kumi na moja kwa siku. Nilirudia hesabu, zikawa kumi na mbili, maana katikati ya kuhesabu choo kiliniita tena. Nikalazwa. Daktari wa upasuaji akaja kuliangalia tumbo langu kama fundi anayepima kitambaa.

"Ulimeza ngapi?" daktari wangu akauliza.

Nikamwambia. Hakucheka. Kuanzia hapo nesi alinihesabia vinane mkononi, nami nikavihesabu tena. Uso ukafura kwa dawa, na muuza omena alipokuja kuniona akasema biashara imeninogea. Choo kikashuka: sita, tatu, mbili. Damu ikakatika, na yule wa upasuaji akaacha kupita kitandani kwangu.

"Vizuri," daktari akasema. "Sasa tupunguze. Saba."

"Daktari," nikasema, "tubaki tu na vinane."