Kilima cha Dakika ya Kumi na Moja

Dada yetu mkubwa hajawahi kunywa chai kama watu wengine. Lazima kwanza aieleze. Atakuambia vitu vidogo vidogo vilivyomo kikombeni, vipi vimetoka kwenye majani, vipi kwenye maziwa, na mwili wako utavigeuza kuwa nini kabla hujainuka mezani. Chai inapoa, yeye bado anahutubia. Ndiyo kazi yake: mwaka wa ishirini na mbili huu ni fundi wa maabara, anapima vyakula, damu na mikojo ili watafiti wajue mwili unakitumiaje chakula. Kwa kuwa mikojo ndiyo mingi, nyumbani tulimbatiza Daktari Mkojo. Alikuwa akicheka, kisha anatukumbusha kwamba yeye si daktari.

Mimi ni wa katikati. Nyuma yangu yupo mdogo wetu wa mwisho, ambaye binti yake wa miaka minne alianza kudhoofika mwaka jana. Akila anatapika, asipotapika amelala. Zahanati walimpa dawa mara mbili, hali ikabaki ileile. Mdogo wetu alichoshwa na foleni, akamwendea dada.

"Dada, una mashine inayoona kila kitu. Nipimie mwanangu."

"Ile ni ya utafiti, si ya wagonjwa."

"Kwani mwanangu si mtu?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikachochea: "Daktari Mkojo, mgonjwa wako wa kwanza huyo!" Sijawahi kujutia utani kama ule.

Kesho yake mkojo ulifika kwenye kichupa. Dada aliupima mchana, mkuu wake akiwa kikaoni. Mashine yenyewe ni ya zamani. Inachora vilima kwenye skrini, kila kilima ni kitu kimoja, na dakika kinapojitokeza ndiyo inayokitambulisha. Kwenye dakika ya kumi na moja kikasimama kilima kirefu kuliko vyote. Alipekua vitabu vyake, akakuta kinafanana na kitu kinachorundikana kwa watoto waliozaliwa na miili isiyoweza kuvunja protini. Hakungoja kupima mara ya pili, kwa sababu anampenda mtoto yule kama wa kumzaa.

Maziwa, mayai, nyama, maharage, vyote akavipiga marufuku. Alipoona mdogo wetu analegeza masharti, alimwinamia mtoto mwenyewe.

"Mama, nisikilize. Maziwa ni sumu kwako. Ukinywa utakufa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama mkubwa."

Wiki tatu mtoto aliishi kwa uji mwepesi na matunda. Alipungua kilo mbili, na mtoto wa umri ule hana kilo mbili za kupoteza. Mimi nauza nyaya na balbu, ningebishana vipi na mashine?

Wiki ya nne, maabara waliletewa juisi za dukani wazipime. Juisi ya kwanza tu, dakika ya kumi na moja, kilima kikasimama. Dada akapima ya pili, kilekile. Juisi haina ini wala figo, haiwezi kuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kilima kile kilikuwa cha dawa ya kuzuia chakula kisiharibike. Alitoka nje akampigia mdogo wetu simu.

"Ule mkojo uliutia kwenye chupa gani?"

"Ile ya dawa yake ya kikohozi. Niliisuuza vizuri, dada."

Dawa za kikohozi nazo hutiwa kitu hichohicho. Maabara kwao kuna sharti ambalo dada huwaimbia wanafunzi mpaka wanamchoka: kabla hujaamini kilima chochote, pima kwanza maji matupu yaliyokaa kwenye chupa ya aina ileile. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliruka. Aliliruka siku moja, kwa mtoto wa ndugu yake, kwa sababu ya haraka na hofu.

Hakujificha. Alikwenda siku ileile, akasema yote akiwa amesimama mlangoni. Mdogo wetu alimbeba mtoto wakaenda hospitali kubwa, dada akifuata nyuma kama mtu asiyejulikana. Ilikuwa minyoo, na damu imepungua vibaya. Daktari, huyu wa kweli, aliandika dawa, akasema mtoto apewe maziwa, mayai na kila chenye nguvu, tena haraka.

Dawa alimeza. Maziwa alikataa. Mama yake alibembeleza siku mbili, nami nikaigiza ng'ombe mpaka koo likaniuma. Mtoto alifumba mdomo kabisa. Siku ya tatu mdogo wetu alimwita dada.

"Wewe ndiye uliyemwambia. Njoo umwambie tena."

Dada alipiga magoti mbele ya mtoto. "Mama, nilikosea. Maziwa si sumu. Ona, nakunywa mimi kwanza."

Akainua kikombe. Mtoto, ambaye wiki nzima hakuwa na nguvu hata za kukaa, alimrukia na kuung'ang'ania mkono wake kwa mikono yote miwili, maziwa yakimwagika juu yao.

"Usinywe, mama mkubwa! Utakufa!"