Viazi Ndani ya Begi la Kulalia

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, soko la Tukuyu lilianza kupokea mitumba ya kila namna, na siku moja katikati ya makoti yakatokea mabegi mawili ya kulalia. Mwenye meza, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyaonyesha kwa fahari kana kwamba ameyashona mwenyewe.

Nilikuwa nalihitaji hasa begi kama hilo. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuwabebea mizigo wageni waliotaka kuvuka uwanda wa juu wa Kitulo kwa miguu, mwezi wa Juni, wakati huko juu maji huganda kwenye ndoo. Mama hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Kifua changu kilikuwa kibovu tangu utoto, na kila msimu wa baridi aliniwekea sikio mgongoni, akisikiliza kama pumzi inakoroma. Nilibembeleza mpaka akakubali, ila begi atachagua yeye.

Moja lilikuwa la turubai, nene, zito. Jingine jepesi, linateleza, ukilikunja linakuwa kama kabichi. Kwetu Rungwe blanketi hupimwa kwa uzito. Lisipokulemea, si blanketi. Wote watatu, mama, mzee na mimi, tulilipenda lile zito. Lakini mama si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mzee, haya yalale kwangu yote mawili," alisema. "Moja nitakurudishia."

"Yalale tu, mama. Sisi si majirani?" alijibu, maana mama aliuza ndizi meza ya pili kutoka kwake.

Jioni akachemsha viazi na maganda yake, akavifunga kwa majani ya mgomba, vingine begi hili, vingine lile, akavuta zipu na kuyaacha barazani kwenye baridi. Asubuhi tukafungua. Vya begi zito vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Vya lile jepesi vilikuwa bado na uvuguvugu. Mama hakuamini, akarudia kesho yake, na viazi vikajibu vilevile. Akalipapasa begi, unyoya mdogo wa bata ukachomoza kwenye mshono. Akaushika kwa vidole viwili, akautazama muda mrefu.

"Mwaka mzima nawahurumia bata wangu kulala nje," alisema taratibu. "Kumbe."

Lile zito likarudi kwa mzee, nami nikaondoka na jepesi. Kulipopambazuka kule Kitulo nilitoa kichwa nje. Uwanda wote ulikuwa mweupe, nyasi zimekakamaa, na juu ya begi langu umande umeganda. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilishikwa na hofu na furaha kwa pamoja. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya viazi. Nikatamani mama aione dunia ile.

Niliporudi, hakuuliza habari za milima wala za wageni. Alinigeuza, akaweka sikio mgongoni, akasikiliza upande mmoja, kisha wa pili.

"Kimya," akasema, akakaa chini palepale uani.