Usimtishe Asiyekata Tikiti

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku buibui langu lilipoletwa barazani kwa chifu likining'inia kwenye ncha ya fimbo, wanaume wa pande mbili wamelizunguka, na hakuna aliyetaka kulisogelea.

Nakuhadithia hili kwa sababu tangu asubuhi umekaa hapa uani kwangu na simu yako, unahesabu watu waliotazama, na mimi nimechoka kunyamaza. Sinema yako sina ugomvi nayo, Buya. Uliponionyesha juzi, pale yule mama anapofunua mtungi wa maji, nilipandisha miguu kitandani kama mtoto. Umefanya kazi nzuri na nilikuambia. Kinachonitoa roho ni hiki kipande ulichokisambaza kwenye magrupu ya simu: mwanamke aliyevaa nguo nyeusi anaibuka mtoni, pale pale kwenye malka yetu, ng'ombe wanaposhukia kunywa, na hakuna neno hata moja linalosema kwamba ni sinema. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu, "Nyanya, lazima watu waamini kwanza, ndio itrendi." Nikakuuliza sinema hii umemtengenezea nani. Ukasema, "Kila mtu."

Mimi huyo kila mtu sijapata kumwona. Nimeishi Garsen miaka yote hii, nimeuza tikiti, nimeuza mandazi, nimeuza samaki, na kila aliyenunua alikuwa mtu mmoja mwenye jina lake na sababu yake.

Basi sikiliza, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Mjomba Maro, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa na banda la video hapa mjini, kando ya barabara, enzi za kanda. Mimi nilikaa mlangoni, nakata tikiti. Msimu mmoja wa kiangazi akarudi kutoka Malindi na kanda ya mizimu, mwanamke aliyekufa maji anatoka mtoni kuwatafuta waliomzamisha. Mjomba aliipenda kanda ile kupita kiasi. Lakini jioni ya kwanza wakaja watu wa kuhesabika, maana wateja wetu walizoea karate. Akanuna, akasema watu wa hapa hawajui kitu kizuri.

Nilimwambia, na nilikuwa msichana tu, "Mjomba, wako madereva wa malori na utingo wao wanaolala hapa wakingoja msafara wa polisi wa kwenda Lamu. Jioni nzima hawana la kufanya. Wako walimu pia. Waambie hao." Hakutaka. Hao ni wachache, akasema, yeye anataka Garsen nzima izungumze. Watu wakishaogopa watakuja wenyewe. Ukisema wewe au akisema yeye, mimi nasikia sauti moja, na ndiyo maana kichwa kinaniuma.

Alfajiri, kabla watu hawajaamka, Mjomba akaanua buibui langu jipya kwenye kamba. Hakuniomba. Akalilowesha, akalitundika kwenye kichaka pale malka, na kwa kwato la punda aliyekufa akapiga nyayo kwenye tope, kutoka majini mpaka kichakani. Hapa kwetu kila mtoto anajua jini mwanamke hutambulikana kwa miguu yake ya punda. Halafu akashika kipaza sauti akaenda sokoni. Hakutaja sinema. Alisema tu kuna kitu kimeonekana mtoni, na anayetaka kujua ni nini aje bandani jioni. Mimi siku ile nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba natafuta buibui, na nilikwisha kumlaumu jirani yetu bure.

Jioni bandani hakuja mtu. Kina mama walifunga milango kabla ya magharibi na watoto wao ndani. Wale madereva, ambao kwa haki wangejaza banda, walilala kwenye malori na vioo vimepandishwa, joto lote lile. Mjomba alikaa na jenereta lake likinguruma, anatazama kanda peke yake.

Laiti ingeishia hapo. Lakini ng'ombe hawana habari na matangazo, wana kiu. Wewe ni wa hapa, unajua malka ni nini, ila masomo ya Nairobi yamekusahaulisha: ni njia iliyoachwa katikati ya mashamba ili wafugaji washushe ng'ombe mtoni bila kugusa mmea wa mtu. Wazee wa pande zote mbili waliipima na kuikubali, na kila kiangazi amani yetu inapita kwenye njia hiyo. Asubuhi ya pili vijana wa Abba Barisa, mzee wa wafugaji, wakafika na mifugo iliyotembea siku nzima bila maji. Wakaona nguo. Wakaona nyayo. Wakageuka. Ng'ombe aliyekwisha kunusa mto humgeuzi, kwa hiyo wakatafuta pa kushukia pengine, na hapo pengine palikuwa shamba la Bi Hawaa.

Bi Hawaa alikuwa mjane. Hakuwa na kitu kingine duniani ila mahindi yale na migomba michache, na mahindi yalikuwa karibu kufaa kuchoma. Jua halijawa kali, shamba lote limekuwa tope. Wakulima waliposikia kilio chake walikuja na mapanga. Wafugaji walikuwa na fimbo, na wengine mikuki. Sina haja ya kukueleza ni kitu gani huja baada ya hapo. Wazee walijitupa katikati, wakawaburuta wote mpaka barazani.

Huko ndiko lilikoletwa buibui. Kijana mmoja mchungaji alilinyanyua na fimbo yake, akaeleza walichokiona. Wakulima wakasema ni kisingizio. "Tangu lini jini akala mahindi?" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaanza kusimama tena.

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake waliomsindikiza Bi Hawaa. Nikauona ule upindo. Niliushona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi uliniishia. Nikamtazama Mjomba Maro. Alikuwa pale pale, anakagua viatu vyake. Nikangoja aseme. Nikangoja tena. Nilikasirika siku ile hasira ambayo haijanitoka mpaka leo, maana msichana atakayesema nguo ya jini ni yake anajua ataitwa nani mpaka aolewe, na huenda asiolewe. Lakini Bi Hawaa alikuwa ameniegemea, ameshika bua la hindi kama ameshika mkono wa mtu, na wanaume wameshaanza kusukumana.

Nikapita mbele. "Buibui hilo ni langu," nikasema. "Lilikuwa limeanikwa kwetu. Muulizeni mjomba wangu lilifikaje mtoni."

Akasema yote. Akamaliza kwa maneno haya, "Nilikuwa natangaza sinema tu."

"Tu," Abba Barisa akarudia. Alikuwa mzee mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuna aliyemcheka. "Mimi nauliza wewe, Maro. Ng'ombe yangu inanunua tikiti? Kijana yangu inakaa porini mwezi mzima, inajua sinema ni kitu gani? Huyu mama iko na shamba, inakuja kwako jioni? Sasa wewe ulikuwa natisha nani?"

Mjomba akarudia kukagua viatu vyake. Wewe unalo jibu?

Wazee wakanong'onezana, wakaamua. Kesho yake Mjomba Maro alivaa buibui langu, ambalo lilimkomea kwenye miundi, ndevu zimetoka, tumbo limetangulia, akawaongoza ng'ombe wa Abba Barisa mpaka majini ili kila mchungaji amwone jini kwa macho yake. Watu wakajipanga kando ya malka, wakulima na wafugaji, wakacheka mpaka wakakaa chini. Na jioni ile banda likafurika. Madereva, walimu, hata wachungaji wawili wamesimama ukutani. Wote walijua ni kitu cha kutungwa, basi wakapiga mayowe kwa raha zao na kesho yake wakarudi.

Watu wakihadithia kisa hiki huishia hapo kwenye kicheko. Mimi siwezi, kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea Bi Hawaa sahani yake ya chakula kila jioni mpaka mavuno mengine. Alikuwa mwanamke asiyepata kuomba hata chumvi. Aliipokea mlangoni, akashukuru kwa sauti ndogo, na hakuniangalia usoni hata siku moja. Yeye bandani hakuja.

Kwa hiyo nikuambie ninachotaka, na usinijibu kwa Kiingereza cha darasani kwenu. Mtafute anayependa kuogopa, yupo. Wapo wale wanafunzi wa Hola wanaotumiana sinema za mizimu na kulala wamekumbatiana. Wapo watu wa Mombasa na Nairobi wenye taa kila ngazi, hao wameikosa hofu, wauzie. Waambie ni sinema, jina lako ni hili, itaonyeshwa mahali fulani siku fulani. Utaona kwamba kujua hakuwapunguzii hofu. Aliyekuja mwenyewe anajua mlango uko wapi, akizidiwa atatoka. Mwanamke anayechota maji mtoni atatokea mlango gani? Hofu ya kwake ni ya mamba na viboko, na inamtosha. Usimwongezee.

Kile kipande kifute sasa hivi mbele yangu. Weka kingine chenye uso wako, useme umekitengeneza wewe. Halafu uende malka kwa miguu yako, wewe na yule msichana aliyevaa nguo nyeusi, mkawasalimie wachungaji, wamwone anacheka kama watu. Nimesikia asubuhi hii wameshaanza kuulizia njia nyingine ya kushukia mtoni. Na shamba linalopakana na malka siku hizi, kama Nairobi imekusahaulisha na hilo pia, ni la mama yako.

Mungu akujaze watazamaji waliokuja kwa hiari yao, mwanangu, na kazi ya mikono yako isimnyime mtu usingizi ila aliyeilipia. Akutangulie huko uendako. Haya, inuka, ng'ombe hunywa saa nne.